Kamera Utakayoibeba Hadi Ujiji

Chemchem, Tabora
Mchana, kabla ya safari yako

Kabula mwanangu,

Salamu tutapeana ukirudi jioni, kwa hiyo hapa naziruka. Umekwenda Itetemia kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule, kisha akufungie karanga za njiani. Baba yako yuko uani anashona upya mkanda wa begi lako uliofumuka. Mimi nimebaki peke yangu mezani. Nimeona niandike, kwa sababu kila tukikaa mimi na wewe kuzungumza habari za kamera tunaishia kubishana, na kesho asubuhi si wakati wa kubishana.

Sitakuandikia habari za maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala dawa. Hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, na mbu wa Malagarasi watakukumbusha wenyewe. Ninataka kukueleza kuhusu mzigo, na yaliyonipata mimi nikiubeba.

Nianzie pale tulipogombana. Nilikuwa nimeifuta kamera yangu kubwa, nikaifunga lenzi yake ndefu, nikailaza kitandani kwako kama mtu anayemtandikia mgeni. Ulipoingia ukaiona, ukaniuliza:

“Mama, hii ya nini?”

“Utakwenda nayo.”

“Mama, sisi tunatembea. Kwa miguu. Tunatoka hapa mpaka Ujiji, tunalala vijijini. Hatupandi treni.”

“Najua mnatembea. Babu zako walitembea njia hiyohiyo na pembe za ndovu begani.”

“Na wangapi walifika na mabega mazima?”

Nikapandisha sauti. Nikakuambia kwamba wenye mradi wamekuamini wewe kuliko wapiga picha wakubwa, kwamba wanataka sura za watu wanaoishi leo kando ya njia ya misafara, na kwamba picha hizo zitatundikwa ukutani watu waje kuzitazama. Nikasema huwezi kwenda kwenye kazi kama hiyo na kikamera cha kuweka kwenye mkoba wa sokoni. Ukanisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukasema polepole, “Mama, hiyo kamera ni yako. Mimi ninayo yangu.” Ukatoka.

Baba yako alikuwa amekaa mlangoni. Unamjua, haingilii ugomvi wa wanawake wa nyumba hii. Siku ile aliingilia. Alisema bila kunitazama, “Kama unaona ni nyepesi, basi ibebe wewe.”

Kesho yake kulipokucha, wewe ukiwa bado umelala, niliibeba. Nilitia kamera begini pamoja na lenzi ndefu, lenzi fupi, taa yake, betri, chupa ya maji, na nguo kidogo ili begi lifanane na la msafiri wa kweli. Nikashika njia ya Itetemia. Niliwaza, nitafika kwa wifi yangu, nitakunywa chai, nitarudi, na nitamwambia baba yako kwamba mwanamke wa umri wangu ameweza, sembuse binti yake.

Mwanzo nilikwenda vizuri sana. Asubuhi kila mzigo ni mwepesi. Nilipopita nyumba za mwisho, barabara ikawa ya mchanga, mkanda ukaanza kunikata karibu na shingo. Nikahamishia begi bega la pili. Baadaye nikalirudisha. Nilipofika kwenye kile kimwinuko kabla ya mashamba, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, vile vilevile ambavyo daktari aliniambia mwaka ule nivionee huruma. Nikakaa kwenye jiwe.

Ndipo nikawaona. Walikuwa mzee na mkewe, wanapanda kile kimwinuko na baiskeli iliyojaa magunia ya mkaa. Mzee ameinama kwenye usukani, mama yuko nyuma anasukuma kwa mikono miwili, kichwa chake kimelala kwenye gunia kama anayelisikiliza. Jua lilikuwa nyuma yao, limetoka tu, na vumbi lililoinuliwa na magurudumu lilikuwa limewaka lote. Kabula, nimepiga picha tangu kabla hujazaliwa na sijui kama nimewahi kuletewa kitu kama kile bila kukitafuta.

Nikafungua begi. Kamera ilikuwa chini, maana kitu kizito huwekwa chini. Nikatoa nguo, nikatoa chupa, nikaishika kamera kwa mkono wenye ganzi, ikaniponyoka ikarudi begini. Nikaishika kwa mkono wa kushoto. Lenzi iliyokuwa imefungwa ilikuwa ile ndefu, nao walikuwa wameshakaribia mno, nikiwatazama naona kofia ya mzee peke yake. Mpaka nimebadilisha lenzi, walikuwa wamefika kileleni, jua limewaacha, baiskeli inajiendea yenyewe.

“Mwangaluka, mama,” mzee alinisalimia.

“Mwangaluka, baba. Samahani, nilikuwa nataka kuwapiga picha mkipanda pale. Mnaweza kurudi kidogo tu?”

Yule mama akasimama, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akacheka sana. “Turudi chini? Na mkaa huu? Mwenzangu, kile kilima sisi tumeshakipanda!”

Wakaenda zao. Niliwapiga migongo. Hiyo picha ninayo, ni migongo miwili na magunia.

Sikufika Itetemia. Nilirudi nyumbani, nikaiweka kamera kabatini, nikawasha jiko. Mlipoamka nilikuwa nakaanga maandazi, na hakuna aliyeniuliza nilikotoka. Baba yako aliona mchanga kwenye viatu vyangu, akaomba andazi, na kwa hilo nilimshukuru.

Basi ujue kwamba ile siku iliyofuata, nilipokuambia tubebe mabegi yote mawili twende kwenye mizani ya muuza nafaka, sikuwa nakutega. Nilikuwa nimeshashindwa tayari. Nilitaka tu kuona kwa macho kile kilichonishinda, tena nilitaka na wewe uone chako.

Unakumbuka alivyoshangaa yule mzee wa mizani. “Leo mnaniuzia nini, mama Kabula? Mtama au vyuma?” Tulipoweka kamera mbili tupu, bila lenzi, yangu ilikuwa karibu mara mbili ya yako, nawe ukanitazama kwa jicho la ushindi. Nilikuachia ufurahi. Kisha nikasema sasa tuweke mabegi kama yatakavyosafiri. Ukatia betri zako za akiba, maana hiyo mirolesi yako isiyo na kioo ndani inakula betri kama mtoto anavyokula ubuyu. Ukatia chaja, na pawabenki, na lile paneli la jua la kukunja, kwa kuwa kule porini hakuna pa kuchomeka. Ukatia ile lenzi ndefu uliyoazima, na pete ya kuiunganishia. Mshale ukapanda, ukapanda, ukasimama karibu kabisa na mahali ulipokuwa umesimama wangu. Tofauti yake ilikuwa kama pakiti ndogo ya sukari.

“Haiwezekani,” ulisema.

“Kioo ni kioo, mwanangu,” nilikujibu. “Kamera wameweza kuipunguza. Lenzi ya kuona mbali bado inataka vioo vinene vilevile.”

Uliinama ukaitoa lenzi ndefu wewe mwenyewe. Sikukuambia uitoe. Ukaniambia, “Basi nitawasogelea kwa miguu.” Nilitazama pembeni, nikajifanya naulizia bei ya karanga, kwa sababu maneno yale nilitamani ningekuwa nimeyasema mimi nilipokuwa na umri wako.

Sasa nikueleze kwa nini niling'ang'ania kubwa, maana usidhani ni ukaidi mtupu. Ukaidi upo, ila si wote.

Mimi nimezaliwa Usoke, nyumba ya wakulima wa tumbaku. Kwetu hapakuwa na mwanamke aliyepiga picha. Nilipofungua studio hapa mjini na kuanza kwenda kwenye harusi, watu waliniuliza mwenye kamera yuko wapi, wakidhani mimi ni wa kubeba begi. Nilipoipata ile kubwa, maswali yakakoma. Niliponing'iniza kile chuma shingoni, na lenzi yake ndefu, watu walinipisha. Mashemasi walinionyesha pa kusimama. Ilipolia “kwacha!” kila mtu kanisani alijua kazi inafanyika. Uzito wake kwangu ulikuwa kama kitambulisho. Nilibeba kilo zile ili watu wasinibebeshe mimi maneno yao.

Halafu nikajaribu ndogo. Ilikuwa harusi ya hapahapa mjini, ya familia moja kubwa. Bega lilikuwa limenizidi, na fundi mwenzangu alikuwa ameniuzia mirolesi yake kuukuu, hiyo ambayo sasa ni yako. Nikaenda nayo. Mwenyekiti wa kamati, mtu mwenye tumbo na kipaza sauti, alinifuata katikati ya ukumbi.

“Mama, mpiga picha bado hajafika?”

“Ni mimi, mzee.”

“Najua ni wewe. Nauliza kamera.”

Nikamwonyesha. Aliishika, akaipimapima kiganjani kama anayenunua kitunguu, akanirudishia. “Hii si ndiyo ya watoto? Sisi tumelipia picha za kubwa.”

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda nikaileta ile kubwa. Niliivaa shingoni usiku kucha. Nusu ya picha nilizowapelekea zilipigwa na ile ndogo, na hakuna aliyejua zipi ni zipi. Mwenyekiti mwenyewe alichagua moja ya hizo akaikuza akaitundika sebuleni kwake. Sikumwambia. Ningemwambia ingenisaidia nini? Lakini utakutana na watu kama huyu mpaka Ujiji, wengine watakuwa viongozi wa vijiji, wengine watakuwa wenye mradi wako wenyewe. Wataitazama kamera kabla ya kukutazama wewe. Waache waitazame. Usijieleze sana. Kamera ndogo inataka mtu asiyehitaji kupishwa njia, na mimi kwa miaka mingi sikuwa mtu huyo.

Lakini nisikufanye uamini kwamba ndogo haina deni lake. Ile ya Nzega unaijua nusu. Nilikwambia tu kwamba betri zilinisaliti. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kubwa, ambayo unaichaji jioni na inakwenda siku nzima, kesho yake bado ina nguvu. Kubwa haihangaiki kukuonyesha kitu. Unachungulia, unaona mwanga wenyewe uliopita kwenye kioo. Ndogo kila unapoweka jicho inawasha kitelevisheni chake kidogo ndani, na kitelevisheni kinakula. Nilisahau hilo. Nilikwenda kwenye kipaimara Nzega na betri moja ndani na moja mfukoni, nikaanza kupiga maandalizi, watoto wakivalishwa, bibi zao wakiwapaka mafuta, kila kitu nakiona kizuri. Watoto walipopanga mstari mbele ya askofu, kioo kikawa cheusi. Nilisimama pale nimeinua kamera iliyokufa, nikajifanya napiga, kidole kinabonyeza hewa, mpaka mtoto wa mwisho akapita. Kisha niliwafuata akina mama mmoja mmoja kuwaambia kwamba picha sina. Mmoja wao alinishika tu mkono na kuuachia. Hilo liliniuma kuliko wale waliofoka.

Kwa hiyo betri. Usizibane ili upunguze uzito. Punguza nguo, punguza vitabu, acha ile sufuria aliyokupa baba yako hata akinuna. Usiku wa baridi zilale nawe ndani ya blanketi, zisilale nje. Na mchana, usiiache kamera ikiwaka huku unatembea na kuongea.

Vumbi nalo. Ulipokuwa mdogo, labda hata hujaanza shule, uliifungua lenzi ya kamera yangu kubwa nikiwa jikoni. Nilikukuta umeinamia lile tundu, umekiona kile kioo kidogo kilicholala ndani, na unaliangalia jicho lako mwenyewe. Ulikuwa umeshaweka na kidole. Ukaniambia, “Mama, mimi nimo humu.” Nilitaka kukuchapa, nikashindwa kwa kicheko. Alama ya kidole ilitoka, na kamera haikudhurika, kwa sababu kioo kile ni kama mlango: nyuma yake kuna pazia, na nyuma ya pazia ndiyo kuna ile sahani inayopokea mwanga. Kwenye yako mlango huo haupo. Ndiyo maana ni nyepesi. Ukiitoa lenzi, sahani iko wazi, inatazama barabara ya Kaliua wakati wa kiangazi. Ukiweza, chagua lenzi moja asubuhi ukae nayo hadi jioni. Utakosa vitu. Hata mwenye lenzi kumi begini hukosa vitu, nimekueleza habari za mkaa.

Jambo lingine ni la sauti, na hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu linamhusu bibi yako.

Mama yangu hakupenda kupigwa picha. Nikiinua kamera kubwa alikuwa anasema, “Niondolee bunduki yako.” Akikubali, basi ni kwa sherehe: anavaa kitenge kipya, anakaa kwenye kiti, anaweka mikono magotini, uso unakuwa wa mtu anayesomewa hukumu. Picha zake zote nilizokuwa nazo ni hizo. Mwaka wake wa mwisho, nilikwenda Usoke na mirolesi kwa sababu tu ilienea kwenye mkoba pamoja na sukari na dawa zake. Tulikaa uani. Alikuwa anamenya karanga na ananisimulia jirani yake aliyegombana na mbuzi. Ndiyo, na mbuzi. Nikaiweka kamera gotini, nikakigeuza kile kioo cha nyuma kitazame juu, nikapiga. Haikulia. Nikapiga tena na tena, naye anaendelea kusimulia, anacheka mpaka karanga zinamwagika.

Baadaye nikamwonyesha. Nilidhani atafurahi. Akaisogeza kamera karibu na uso. Kisha akauliza:

“Umenipiga saa ngapi?”

“Sasa hivi, mayu. Ulipokuwa unacheka.”

“Na hukuniambia.”

“Ningekuambia ungekaa kama sanamu.”

“Hilo ni langu kuchagua,” alisema. “Ungeniambia nivae hata kitambaa cha kichwa.”

Nikaomba radhi, nikasema nitazifuta. Akanizuia mkono. Akaitazama tena ile picha. “Huyu ni mama yangu,” alisema. “Sikujua kwamba nimeshakuwa yeye.” Akanirudishia kamera, akaendelea na karanga. Jioni, nilipokuwa naondoka, aliniita mlangoni. “Nikifa, kanisani muweke ile ya kitenge. Hii ya karanga ibaki nyumbani.”

Tukafanya hivyo. Ile ya kitenge, iliyopigwa na kubwa, ndiyo iliyosimama juu ya jeneza, na watu walisema alikuwa mwanamke wa heshima. Ile ya karanga iko chumbani kwangu, umeiona, lakini sidhani nimewahi kukueleza kwamba iko pale kwa ruhusa.

Basi ndiyo nakuambia. Kamera kubwa ilinifanya niwe mkweli nikitaka nisitake. Kila mtu aliiona na kuisikia, akajiandaa. Hiyo yako ni ndogo na haina sauti. Unaweza kupita Usoke na Urambo yote ukiwachukua watu nyuso zao wasijue. Vijijini huko watu wanajua historia ya kuchukuliwa vitu kwenye njia hiyo, hata kama hawaisemi. Piga kwanza kama hutaki kuharibu tukio, sikukatazi, mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Lakini kabla hujaondoka mwonyeshe mtu uso wake. Akisema futa, futa mbele yake. Utapoteza picha nzuri nyingi kwa namna hiyo, na zitakazobaki utaweza kuzitundika ukutani bila kuogopa nani ataingia mlangoni.

Kubwa nimeamua ibaki. Nitaifunga kwenye stendi ya miguu mitatu pale studio, ipige picha za pasipoti na za wahitimu, mahali ambapo uzito unaisaidia kutulia. Usinihurumie kwa hilo. Bega langu limeshaanza kunishukuru. Na usifikiri kwamba imeshindwa na yako. Kwenye harusi zinazoanza asubuhi na kuisha alfajiri bado ningeitaka hiyo. Kiganja kinaijaa vizuri, vidole vyote vitano vina pa kukaa; yako kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, nimeona unavyokikunja. Fundi wa viatu anaweza kukutengenezea kishikio cha ngozi chini yake, kinene kidogo. Ila nimeshamwambia baba yako akutengenezee yeye, atakishughulikia baada ya huo mkanda. Jifanye hujui.

Jambo langu la mwisho ni la kesho.

Nimekuwa naangalia maboksi ya picha zetu ili nikupe moja ya kwenda nayo. Upo wewe ukiwa mchanga, upo ukiwa na sare ya shule, upo na baba yako mkipanda mihogo, mko na bibi, mko na shangazi. Nimepekua boksi zima, nikapekua na la pili. Mimi simo. Nyuma ya picha zote hizo nipo, lakini ndani yake simo, ila ile moja ya ndoa ambayo alitupiga mtu mwingine na akanikata sikio. Sijawahi kuliona hili. Mtu anayeshika kamera, iwe nzito au nyepesi, hayupo pale anapopiga. Wewe umeichagua kazi hii, na kazi hii itakufanya hivyo pia, usipoangalia. Mara mojamoja mpe mtu mwingine kamera yako, ukasimame na watu wako.

Kwa hiyo kesho, pale Kwihara mtakapokusanyika, nitakuja bila kamera yoyote. Baba yako ameshaniuliza mara mbili nitabeba ipi, nikamwambia nitabeba mkoba wangu tu. Kabla hamjaanza kutembea, mwombe mmoja wa wenzako, yeyote, atoe simu yake atupige sisi watatu. Asihangaike na mwanga. Akikata miguu yetu, au akatia kidole chake pembeni, mwache hivyohivyo, usimwambie arudie.

Mimi nitasimama kushoto kwako.

Mama yako